Kisyeri na Malisho ya Bondeni

Kabla ya vita Kisyeri alikuwa mkulima tu karibu na Genkuru, na mahindi yake, ulezi, na ng'ombe wachache wa baba yake. Vita vya Kagera vilipozuka akaenda Uganda pamoja na Heche, jirani wa ng'ambo ya mto, mtu wa ukoo mwingine. Huko Kisyeri alipigwa risasi pajani, na Heche akambeba mgongoni mpaka kwenye hema la matibabu. Waliporudi walilima kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Watu waliwashangaa, maana koo zao hazikukaa bila ugomvi.

Baadaye Kisyeri akachaguliwa diwani. Alipigania zahanati mpaka ikajengwa. Kisha ukazuka mgogoro wa malisho ya bondeni kati ya koo hizo mbili. Yalikuwa ya akina Heche tangu enzi za mababu, na Kisyeri alilijua hilo. Lakini uchaguzi ulikaribia, na wazee wa ukoo wake wakamwambia wazi kwamba asipowatetea, asije kuomba kura. Kwenye kikao cha kuamua mpaka wa malisho akaulizwa anachokijua. Akainama, akasema hana la kuongeza. Ukoo wake ukapewa bonde.

Heche hakugombana. Alikusanya watoto na ng'ombe, akahamia mbali, Issenye. Kisyeri akashinda uchaguzi ule, na uliofuata. Mkewe, Robi, alimhimiza mara nyingi aende kumwona mwenzake. Akajibu kwamba ataenda akishavuna.

Alikwenda mwaka juzi, mzee wa fimbo, kwa bodaboda kutoka mji wa Mugumu. Alimkuta Heche kitandani, amepooza upande mmoja. Bhoke, binti wa Heche, akampa mgeni shikamoo, akaleta ugali na maziwa mgando. Kisyeri akaanza kueleza habari za wazee na kura. Heche akamkatiza taratibu.

"Nyasi zipo hata huku, Kisyeri. Mimi nilikuwa nangoja uje kwangu kabla ya kikao, uniambie mwenyewe."

"Niliogopa."

"Najua. Na vitani hukuwa mwoga."

Wakala pamoja. Heche alifariki kabla ya masika.

Baada ya mazishi Kisyeri aliwaita wazee wa ukoo wake, akawaambia bonde lile ni la nani. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamjibu kwamba hayo yamepita. Vijana wameshajenga nyumba za mabati mle, na mmoja wao ni mjukuu wa Kisyeri mwenyewe.