Jina Ambalo Sikulitaja kwenye Rozari

Mwezi wa Rozari hapa Nachingwea unaangukia kwenye msimu wa korosho, kwa hiyo tunasali tukiwa tumechoka na mikono inanuka mabibo. Jumuiya yetu ni ndogo. Karibu mtaa mzima ni wa Waislamu, sisi Wakatoliki tunahesabika, na kila jioni tunaihamisha sanamu ya Mama Maria kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Anayeipokea ndiye anayetoa nia ya kwanza, yaani anataja wa kuombewa, wengine wanafuata.

Lakini mwaka ule nia ya kwanza ilikuwa ile ile kila nyumba. Jirani yangu alikuwa na mtoto jeshini, amepelekwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwenye vita vile vya porini. Tangu kijana aondoke tulimwita mama yake Mama Mwanajeshi, naye akalivaa jina hilo kama kitenge kipya. Wenye nyumba walimwombea yule kijana kabla ya wagonjwa wao wenyewe. "Bwana amlinde na maadui, amrudishe salama, atupe amani." Wote waliitikia kwa sauti moja. Mimi niliitikia nimeuma meno.

Nilimwonea wivu, sina lugha nyingine ya kulisema jambo hilo. Niliionea wivu picha ya kijana na magwanda yake, iliyokaa karibu na mshumaa kama mtakatifu. Niliionea wivu simu yake, iliyolia kila wiki, kijana akatokea kwenye kioo anacheka, na mama mtu akatuzungushia wote tumwone. Kubwa zaidi, nilimwonea wivu kwa kuweza kulitamka jina la mwanawe mbele za watu bila yeyote kukunja uso.

Maana mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume ng'ambo hiyo hiyo. Alivuka mto na mzigo wa vitenge na sufuria kwenda kuuza, mambo yakachafuka kule alikokwenda, simu yake ikawa haipatikani. Mimi nilibatizwa nilipoolewa. Yeye na mama yetu, aliyebaki shambani Malolo, upande wa Ruangwa, ni Waislamu. Siku hizi mwanaume mwenye jina kama lake akienda kule asirudi, watu hawaulizi kama ni mzima. Wanauliza alifuata nini kwa wale wapiganaji wa porini. Basi nilinyamaza. Zamu yangu ya kutoa nia ikifika nilisema "na wasafiri wote," wakaitikia haraka haraka, wakaendelea na mengine.

Nilipokwenda Malolo kumsaidia mama kuokota korosho, aliniuliza, "Huko kanisani kwenu mnamtaja?" Yeye alimwombea kila swala. Nikamjibu, "Tunamtaja, mama." Akashukuru sana. Akasema wakiomba wengi ndiyo vizuri, Mungu ni mmoja. Njia nzima ya kurudi nilimkasirikia Mama Mwanajeshi, kana kwamba ndiye aliyenisemesha uongo.

Sanamu ilipofika kwangu nilichemsha mihogo, nikapika chai ya tangawizi, nikatandika mkeka mpya, na nikaamua kwamba leo picha ya mtu haikai kwenye meza yangu. Mama Mwanajeshi akaja na picha ya mwanawe kama kawaida. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka juu ya kabati. Aliona. Akaketi.

Kwenye nia ya kwanza nikalitamka jina la mdogo wangu, lote, pamoja na la baba. Mtu mmoja akakohoa. "Ni ndugu yangu, tumbo moja," nikasema. "Ni mfanyabiashara, yuko ng'ambo, hatujui alipo. Naye tumwombee alindwe na maadui." Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayegombana, si ya mtu anayesali.

Aliyeitikia wa kwanza alikuwa Mama Mwanajeshi. "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa nguvu, mpaka wengine wakaona aibu wakafuata. Hata hilo liliniudhi. Nikawaza, hata nia yangu ameifanya yake.

Tulikuwa tunaanza tendo la tatu la Rozari simu yake ilipolia. Tukasimamisha sala, kama tulivyozoea. Kijana akatokea, amekonda, nyuma yake turubai la kijani. Safari hii mama yake hakutuzungushia. Alisogea akakaa karibu nami mkekani, akamwambia, "Mwanangu, niko kwa jirani. Ana mdogo wake yuko huko huko." Akalitaja jina mara mbili. Akamweleza, kama alivyomwona zamani akinitembelea, kwamba ni mrefu, ana kovu kidevuni, anauza vitenge, ni mtu wa Malolo. "Ukimkuta, huyo ni wa kwetu. Umesikia? Ni wa kwetu."

Kijana hakucheka. Alitutazama sisi wawili, kisha akatazama pembeni.

"Mama," akasema, "huku mtu hatumuulizi jina."

Mtandao ukakatika, au alikata mwenyewe. Mama Mwanajeshi akabaki ameshika simu. Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tuendelee, jirani?"

Tukaendelea. Alikuwa ameniegemea bega, anaitikia Salamu Maria kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na sikujua anaomba lipi: mwanawe asikutane na mdogo wangu, au mdogo wangu asikutane na mwanawe. Nami nilikuwa naomba hilo hilo.