Nyasi za Bundi

Nikisikia watu wakisema bundi hukaa juu ya paa akingoja mtu afe, hasira hunipanda. Bundi ninayemfahamu mimi hakai juu ya paa wala juu ya mti. Hukaa chini, kwenye nyasi, na ana shughuli zake nyingi.

Nilimkuta upande wa Kibingo, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa karibu kujifungua. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na mama alishasema waziwazi kwamba hii ya tatu ikienda vibaya, atarudishwa kwao. Hata majirani walilijua hilo.

Kwetu nyumba haikuwa nyumba bila nyasi sakafuni, na chumba cha mzazi kilitandikwa mpya, laini, zisizokanyagwa na ng'ombe. Mama alinipa mundu, akanikumbusha kwamba nyasi alizokaa bundi ni uchuro, huachwa palepale. Nilizunguka asubuhi nzima. Ng'ombe walikuwa wamepita kila mahali. Mwishowe, ukingoni mwa bonde, nikapata kipande kizuri kilichofika kiunoni. Nilikuwa nimekata robo tu bundi alipochomoka miguuni pangu.

Alikuwa wa kahawia, uso wa mviringo kama kisahani, macho meusi. Aliruka hatua chache, akaanguka, akaburuta bawa na kulia kama mtoto aliyebanwa kidole. Nikamfuata nikidhani kaumia. Nilipomkaribia aliinuka mzima kabisa, akawa ananizunguka juu huku akikoroma kama chura. Nikajua ameniondoa mahali kwa ujanja. Nilirudi nikafunua nyasi: alikuwa amezikunja juu zikawa kijumba, na ndani, chini kabisa, mayai matatu meupe.

Ningeondoka. Lakini jua lilikuwa limepanda, na mama hakuwa mtu wa kupelekewa mikono mitupu. Nikaacha kishungi cha nyasi juu ya mayai, nyingine zote nikazikata.

Tulitandika pamoja, wifi na mimi, yeye akiwa amepiga magoti na tumbo lake kubwa. Mara akasimamisha mkono. Kati ya vidole vyake kulikuwa na unyoya wa kahawia wenye mistari. Alinitazama mpaka nikainamisha uso, kisha akauficha ndani ya kanga.

"Wifi, tumeuona wawili," alisema. "Yatosha."

Alimaliza kutandika, na siku ya pili yake akajifungulia hapo.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alibatizwa kwa maji ya kikombe kwa sababu alikuwa hanyonyi, akaishi siku nne. Baada ya maziko wanawake walikaa sebuleni, na mama akaanza. Alisema tumbo lile halina heri, kwamba mwanawe amevumilia vya kutosha. Kaka alitazama mlango tu. Wifi hakujitetea. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na jibu limejaa mdomoni. Wanawake wale wangeliamini bila kuuliza mara mbili: si tumbo, ni nyasi, na nyasi nimeleta mimi. Husemwa mdomo huponza kichwa. Wangu, kwa kubaki umefumbwa, ulikiponya changu, ukaponza cha mwenzangu.

Leo siamini kwamba unyoya unaua mtoto. Lakini wao waliamini, na siku ile imani yao ndiyo ingemwokoa.

Kesho yake nilikimbilia bondeni, sijui kutafuta nini. Kishungi kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya visiki vya nyasi, kikionekana toka mbali. Mayai hayakuwepo. Kunguru wawili walikuwa wanatembeatembea karibu. Bundi alisimama chini mchana kweupe, miguu yake mirefu wazi, akigeuza uso huku na huku. Safari hii hakujiangusha wala hakunizunguka. Nililia kwa sauti.

Ndugu zake wifi walikuja kumchukua baada ya wiki moja. Nilimbebea mkeka mpaka pale njia inapoteremka bondeni. Ndugu zake wakatangulia kidogo. Alipokuwa anaupokea nikamwambia nisamehe.

"Ungesema, wangekuchapa," alinijibu bila hasira. "Mimi ningebaki."

Akajitwisha mkeka akawafuata wenzake. Nilisimama nikimwona anateremka taratibu, kwa kuwa bado alikuwa na maumivu. Hata wakati ule hawakuwa mbali. Ningekimbia nyumbani nikasema, kaka angewafikia kabla hawajavuka bonde. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida. Mama alinipakulia ndizi na maharage, nikala.