Maswali Mawili Niliyoyaongeza

Kuna kijiji kimoja karibu na Mto Ruvuma ambako mpaka leo naitwa Bwana Uhamiaji, na siwezi kumlaumu mtu, maana aibu ile niliichapa mwenyewe kwa kompyuta yangu.

Nilikuwa nasoma uzamili darasa moja na Mama Tumaini, mimi nikiwa mdogo kuliko wote na yeye akiwa na miaka hamsini na tatu. Alihamia Mtwara kutoka Mbeya akiwa nesi, akaacha akawa mwalimu wa msingi, akaacha tena akawa karani bandarini, na sasa alikuwa amerudi kukaa dawatini. Mimi na tabia yangu ya kuhoji kila kitu nikamuuliza wiki ya kwanza tu, digrii ya pili umri huo ya nini.

"Nilipokuwa nesi nilikuwa nafundisha wagonjwa," akasema. "Nilipokuwa mwalimu nikawa natibu watoto. Bandarini nawaandikia makuli barua zao. Nimechoka kuifanya kazi yangu kwa kujiiba. Nataka kusimamia kisomo cha watu wazima, na bila cheti hawanipi."

Nikaona hilo ni jibu la hisia (ndivyo nilivyokuwa nasema wakati ule).

Utafiti wake ulihusu kwa nini watu wazima huacha kisomo. Ruhusa yake ya kazini ilikuwa imebaki siku tano, alihitaji kuhoji watu ishirini, na akiwakosa mwaka mzima wa masomo ulikuwa unaondoka hivi hivi. Maswali aliyaandika kwa mkono, akaniomba nimchapie, basi. La kwanza lilisema, "Siku ya kwanza darasani ulikaa wapi?" Nikasema moyoni huu si utafiti, hii ni soga, nikaongeza mawili juu kabisa: uraia wako, na wazazi wako walizaliwa wapi. Sikumwambia. Naye maswali yake alikuwa nayo kichwani, hakuiangalia karatasi.

Kwa kuwa siku zilikuwa chache nilijitolea kwenda naye nimsaidie kuhoji. Asubuhi tukagawana kijiji, yeye upande wa shule, mimi upande wa mtoni, nimevaa shati la kaki lililonyooshwa vizuri (nilidhani linanipa heshima). Nyumba ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa anamenya muhogo akanijibu, "Mie nimezaliwa hapahapa. Mama yangu hapahapa. Hata huyu kuku hapahapa." Nikaandika yote isipokuwa kuku. Nyumba ya pili niliambiwa mwenye nyumba amesafiri, na aliyeniambia alikuwa mwenye nyumba. Ya tatu mlango ulifungwa kabla sijamaliza kupiga hodi, zilizofuata waliishia swali la pili wakaniaga, na mimi, msomi, nikahitimisha kwamba watu wa huku hawapendi elimu. Saa nane, muda wa kisomo, darasani alikuwemo mwalimu, ubao na Mama Tumaini.

Mwenyekiti wa kijiji akatuita ofisini kwake, watu wakajaa madirishani. Akachukua karatasi ya maswali mkononi mwangu, akampa Mama Tumaini. Mama akaisoma, akavua miwani.

"Haya mawili ya juu si yangu."

"Ni yangu," nikasema, na badala ya kuomba radhi nikakaa chini, nikaanza kueleza kwamba ni maswali ya kawaida kabisa, mtu asiye na la kuficha anayajibu tu.

"Sawa, mjukuu wangu," mwenyekiti akasema. "Bibi yako mzaa mama kazaliwa wapi?"

Sikujua. Nikampigia mama yangu kule Rahaleo, Mtwara mjini, nikaweka spika ili waone nilivyo muwazi.

"Bibi yako? Ng'ambo huko Msumbiji, Palma. Alivuka mto ana mimba yangu." Kisha akashusha sauti. "Kwani nani anauliza? Kama ni Uhamiaji waambie kazaliwa Nanyamba, huku kwetu."

Walicheka mpaka mwenyekiti akatafuta leso. Yule mama wa muhogo akasema kutoka dirishani, "Mwandikeni huyo, na kuku wake."

Mama Tumaini akaruhusiwa kuendelea, kwa sharti kwamba mimi nikae pale ofisini bila kalamu. Nilikaa siku nne. Mtu wa ishirini alimpata jioni ya siku ya mwisho. Njiani kurudi mjini aliniambia jambo moja tu: "Baba, nimekaa na watu miaka thelathini. Ulidhani maswali yale mawili niliyasahau tu?"

Tasnifu yake ilipopita aliniazima nakala. Kwenye sura ya nne, kati ya sababu za watu wazima kuacha kisomo, baada ya kilimo na ugonjwa, ameandika kwamba wanafunzi sita hawakurudi tena darasani baada ya kuulizwa uraia wao na msaidizi wa mtafiti. Jina langu halimo. Nimeipekua sentensi ile mara nyingi nikitafuta pa kuihoji, sijapaona.

Siku hizi mtu akinipa kazi ya kuchapa, nachapa. Nikiona koma imekaa vibaya, nampigia simu kwanza.