Njia Rahisi ya Riyam

Bi Kheiria hakuwa amefika hata nusu ya mlima, na tayari alikwisha kumchukia kila mtu aliyepata kuusifia. Wa kwanza ni mumewe, Harub, aliyekuwa mbele na bakora yake, akipanda huku akishukuru upepo.

"Mama Aflah, hebu tazama bahari ilivyo kule chini!"

"Bahari nishaiona. Nimeitapikia kutoka Unguja mpaka hapa. We nioneshe njia."

Njia ndiyo iliyokuwa haionekani. Palikuwa na mawe tu, meusi kwa makali, na chini yake jabali limekatika wima mpaka kwenye maji. Ni kweli palipendeza. Maji yalikuwa ya buluu hadi yanaumiza macho, na minara ya zamani imesimama juu ya vilele. Lakini mtu anayechunga asiporomoke hana macho ya kutazamia minara.

Huo ulikuwa mwaka 1966, na wao walikuwa na mwaka na ushei tangu wahamie Riyam, kighuba kilichobanwa na milima baina ya Maskati na Matrah. Asubuhi hiyo habari ilifika kwamba mama yake Kheiria, Bi Mahbuba, ameshuka Matrah na amefikia kwa Bi Nasriya, Mzanzibari mwenzao. Meli ingeondoka alasiri kwenda Dubai, aliko mwanawe wa kiume, na yeye angeondoka nayo. Kheiria alikuwa amemwandalia chumba tangu mwezi wa Ramadhani, kitanda kimetandikwa, mpaka buli lake mwenyewe. Akimkosa leo, nani ajuaye kama wangeonana tena?

Gari siku hiyo halikupita Riyam hata moja. Mashua Kheiria hakutaka kuisikia. Ndipo Harub akasema ataulizia njia ya mlimani.

Na hapa lazima Harub ajulikane. Kule Unguja yeye ndiye aliyekuwa Mwarabu wa mtaa mzima. "Kwetu Maskati," kila kukicha, na Maskati yenyewe hajapata kuitia mguu. Walipofika, jamaa zake wakakisikiliza Kiarabu chake, wakatazamana, wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Hakuvunjika moyo hata kidogo. Kheiria yeye alichekwa mara moja tu, kisimani, na tangu siku hiyo hakufungua tena mdomo kwa Kiarabu nje ya nyumba yake. Alisikiliza tu, na kwa kusikiliza alijua mengi.

Walipofika kileleni, gidamu ya kubadhi la Kheiria ikakatika. Akakaa juu ya jiwe, kubadhi mkononi, akatamani kulitupa. Mbele yao Matrah ilikuwa imejikunja kwenye ghuba yake, nyumba nyeupe mstari mmoja, na meli imetia nanga nje, ikitoa moshi.

"Inatoa moshi!" akasema Kheiria. "Baba Aflah, si uliniambia njia rahisi?"

"Si mimi. Bakhit, jirani yetu, na yeye mzaliwa wa hapa hapa."

"Ulimuuliza vipi?"

Harub akajikohoza, akasimama kama imamu. "Nilimuuliza, *at-tariq rakhis?* Akanijibu, *rakhis, rakhis!* Tena akacheka, akanambia hapana anayekutoza hata baisa."

Kheiria akalikaza kubadhi mkononi. Neno hilo alilisikia kila asubuhi kwa wauza samaki.

"Bwana wee, *rakhis* kwao ni bei! Umemuuliza kama mlima huu ni ghali!"

"Ebo. Na si rahisi ndo hiyo hiyo?"

"Kwetu! Kwetu rahisi ya bei na rahisi ya miguu neno moja. Wao ya miguu wanasema *sahl*. Yule maskini kakujibu ulichouliza!"

Harub akafikiri. "Basi, hakusema uongo. Hatujatozwa."

Bahati ya Harub, kubadhi la kumtupia lilikuwa hilo hilo la kuteremkia. Kheiria alilifunga kwa uzi wa ukaya wake wa kichwani, akateremka bila kumsemesha, mara kwa makalio, mara kwa magoti, hasira ikimsukuma kuliko miguu.

Walimkuta Bi Mahbuba ufukweni, amekaa kitako juu ya mkeka, na hamali amekwisha kubeba sanduku lake begani, anaelekea kwenye mashua ya abiria. Kheiria akamwangukia mamake, wakalia wote wawili. Kisha mzee akamsukuma kidogo amtazame, akaona vumbi, akaona kidole kinachotoka damu.

"Mmepita wapi nyinyi?"

"Mlimani, Mama. Usende Dubai. Chumba kipo tayari."

"Mwanangu, nnakupenda. Lakini tangu jana, nikitoka tu kwa Nasriya, naomba maji napewa chumvi. Dubai yuko kaka yako, anajua lugha yao. Hapa nani atanisemea?"

"Mimi, Mama," akasema Harub, mkono kifuani.

Kheiria hakujua kama acheke au ampige. Alimwona hamali anaingia majini, sanduku begani, maji yamemfika magotini, na watu ufukweni wamejaa tele, wote wenye masikio. Akavuta pumzi.

"*Ya walad!*" alipiga ukelele, Kiarabu cha Malindi ya Unguja kitupu. "*La! Rajji' as-sanduq!* Rudisha sanduku! Mama yangu hasafiri!"

Ufuko mzima ukacheka. Hamali naye alicheka, akayarudia matamshi yake kwa mwenzake. Lakini aligeuka, akatoka majini, na sanduku akalitua miguuni pa Bi Mahbuba.