Sarafu Iliyozama Ndani ya Friza

Nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo ikinijia, mwanangu, chai hunipolea kikombeni. Ilikuwa Jumatatu, hapa Jinja, katika maabara yetu ya kuchunguza umbo la protini za kimelea cha malale. Nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, mwoga wa kusema. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kutunza friza.

Ndani ya friza tuliweka kikombe cha maji yaliyoganda, na sarafu juu ya barafu. Umeme ukipotea muda mrefu, barafu huyeyuka na sarafu huzama. Ukirudi, maji huganda tena, lakini sarafu hubaki chini. Asubuhi ile niliikuta chini kabisa.

Nilimwendea Dokta, mkuu wa maabara. Ndiye aliyekataza jenereta kuwashwa Jumamosi na Jumapili, eti tubane dizeli. Hakuinua hata macho.

"Badilisha kikombe," alisema. "Wewe wa darasa la saba, nani atakuuliza?"

Nikabadilisha. Sikupigwa wala sikutishwa, mwanangu. Niliona haya tu.

Ndani ya friza ile mlikuwa na protini ya Nambozo, binti wa Mbale aliyekuwa akisomea shahada yake. Miezi saba aliisafisha, tone kwa tone. Protini ikiyeyuka na kuganda ovyo huharibika, haitoi fuwele, zile chembe ngumu kama za chumvi, na bila fuwele sisi hatulioni umbo lake. Nambozo alijaribu mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila tone lilifanya utando kama maziwa yaliyochacha. Dokta akamwambia mbele yetu sote kwamba ana mikono michafu, akampokonya nafasi yake ya masomo, naye akarudi kwao. Nami nilikuwa pale pale, nasugua chupa iliyokwisha takata.

Mzee Rajabu, Mnubi wa Bugembe aliyeendesha jenereta, alijua umeme ulikatika mwisho wa juma lile. Aliniuliza sarafu niliikuta wapi. Nikamwambia yote.

"Hiyo unaiita haya?" alisema. "Umeona mtoto wa watu anazikwa hai, ukampa mzikaji jembe."

Kesho yake nilipanda gari kwenda Mbale. Nambozo alinisikiliza akiwa kizingitini kwa mama yake.

"Nilikuwa nimeanza kuamini mikono yangu ni mibovu," alisema. "Ungesema Jumatatu ile, kaka, Jumanne ningeanza upya."

Niliomba karatasi, nikaandika yote, herufi moja moja, nusu siku, nikatia sahihi, naye akaipeleka chuoni kwake. Karatasi ile ilimsafishia jina, maabara nyingine ikampokea. Miezi yake saba haikurudi. Dokta naye alibaki kwenye kiti chake, anaamkiwa kwa heshima. Hilo linanikera mpaka leo, wala sitaki kero hiyo iniishe.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukiona kazi imeharibika, iandike saa ile ile, kisha umwambie mwenye kazi, si mkubwa peke yake. Mkubwa akikutaka ufiche, kataa, hata kama sauti inatetemeka. Kusema kweli hakudai cheti. Na usijidanganye kwamba mnyamavu hana kosa; mimi nilinyamaza, nikamsaidia mwongo.

Mungu akupe jicho la kuona na kinywa kisichochelewa. Jasho la mwenzako lisimwagike mbele yako ukiwa kimya. Amina.