Misumari ya Mgunga

“Mama Lorine, huyo mzee anang'oa misumari ndio auze?” jirani yake Wilkister alimuuliza siku moja. Kila asubuhi Mama Lorine akitoka maombini alimkuta mzee huyo kwenye bustani ya mji, pale Kitengela, plaisi mkononi, akiitoa kwenye miti misumari ya mabango ya nyumba za kukodi na ya mikutano ya injili, hata ya lile bango alilolipigilia Mama Lorine mwenyewe. Kila tundu alilipaka udongo kwa kidole gumba, akinong'ona, “Pole, yieyo,” yaani mama kwa Kimaasai, kama anayemuuguza mzazi wake. Watu wa kujenga barabara walipoleta msumeno kuukata mgunga mkubwa wa bustani hiyo, mzee hakubishana. Alivua kofia, akaweka kiganja chake chenye sugu juu ya gome.

“Wanangu, ningojeeni kidogo. Bado kuna misumari miwili ndani.”