Jina Zito la Tumini

"Ukilitamka jina hilo hapa, Mbah, mimi na wewe basi," Wagiman aliniambia mbele ya daktari, akiniita Mbah kama kila mzee anavyoitwa kwetu, naye ni pande la mtu na mimi upepo ukivuma hunibeba.

"Basi iwe basi," nikamjibu. "Dada yako anakufa, wewe unalinda jina."

Dada mwenyewe, Tumini, alikuwa kitandani pale kituo cha afya, hajitambui. Alikanyaga msumari, akaufunga mguu kitambaa na kuendelea kutembeza chupa zake za dawa za manjano na tangawizi, mpaka homa ikampanda kiasi kwamba ungeweza kukaanga tempe, ile mikate ya soya, mgongoni kwake. Daktari Hesti alikuwa ameshashika sindano. Akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nikamwambia ipo, iliwahi kumvimbisha uso ukawa kama tunda la duriani, huko hospitali ya mjini Semarang. Dawa gani? Hapo nikakwama. Daktari akasema lazima hospitali iliandika, na kwa dharura kama ile anaruhusiwa kufungua faili la mgonjwa bila idhini yake. Akaandika Tumini kwenye kompyuta. Kompyuta haimjui Tumini.

Itamjuaje? Alipozaliwa alipewa jina la Retnaningrum Kusumadewi. Baba mchoma matofali, mtoto jina la ikulu! Likamlemea. Kila wiki anaumwa. Miguu ya kitanda chake ilizama ardhini kwa uzito wa jina, mimi mwenyewe nilisaidia kuichimbua. Ndipo wazee wakapika uji mwekundu na mweupe wa tambiko, wakampa jina jepesi la Tumini, na lile la zamani likazikwa. Kulitamka ni kuuita ugonjwa urudi. Basi akapona, akakua, akawa anazunguka kijiji akiwaambia wanaume kwamba dawa ya uvivu anayo, ila wao watahitaji ndoo nzima. Lakini serikali hakuna aliyeiambia. Kitambulisho kikabaki na jina zito.

"Retnaningrum Kusumadewi," nikasema, kwa sauti ya kufika sokoni.

Wagiman akaziba masikio. Faili lilipofunguka, huyohuyo akawa wa kwanza kunyoosha shingo: yeye ni kaka mkubwa, ana haki ya kujua.

"Nimefungua kwa ajili ya sindano hii," daktari akasema. "Wewe hayakuhusu."

Nikaongeza kwamba kila ajuaye kusoma atoke nje. Mimi sijui hata herufi moja, kwa hiyo nilibaki. Daktari akasoma, akairudisha ile sindano mezani kama aliyeshika nyoka, akachukua nyingine.

Kesho yake mchana, homa ya Tumini ikiwa imeshuka, Wagiman akanibana kwenye chumba cha kungojea. Akasema mwaka ule wa Semarang dada yake aliaga kwamba anakwenda kufanya kazi kiwandani. Sasa hospitalini alifuata nini? Akadai lazima nilimsikia daktari akinong'ona alipokuwa akisoma. Nikamwambia imeandikwa kwamba mgonjwa ana kaka mwenye masikio ya popo. Hakucheka.

"Mimi ndiye niliyemlea, Mbah. Niambie."

"Ulimlea, hukumnunua. Akitaka ujue, mdomo anao. Na ukiniuliza tena nita—"

Mlango ukasukumwa. Mwenye mdomo, Tumini, akaingia akichechemea, chupa ya dripu kaiinua juu kwa mkono wake mwenyewe.